Ng'ombe Niliowaongeza

Barua ya mhariri ilinifikia ikiwa imeshafunguliwa, maana bosi wangu pale Musoma alikuwa na desturi ya kufungua kila bahasha yenye stempu ya nje. Alinikabidhi huku akiniangalia kwa huruma ambayo sikuipenda hata kidogo. Makala yangu ilikuwa imerudi. Mhariri wa jarida, mtu nisiyemjua wa nchi ambayo sijawahi kufika, aliandika kwa upole kwamba huenda utafiti wenyewe ni mzuri, lakini Kiingereza chake kimewashinda wasomaji wake wawili waliopewa kuikagua; hawakuelewa nilifanya nini wala niliona nini. Alinipa miezi minne. Nitafute mtu anayeijua lugha, niitengeneze, niirudishe. Ikichelewa, basi.

"Dada, hii kitu uiangalie," bosi akasema. "Orodha ya redandansi, ya watu wa kupunguzwa kazini, inaondoka hapa wakati huo huo. Mwenye makala iliyokwisha kwenda nje nitamtetea. Asiye nayo nitamsemea nini?"

Nilimwambia nimeelewa. Nikaenda chooni nikaisoma barua tena.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Madukani sabuni zilikuwa zimerudi, tena za rangi zote, sisi tuliokuwa tumefua kwa majivu ya maganda ya ndizi tukawa tunachagua harufu. Lakini bidhaa zilivyokuwa zinaingia madukani ndivyo watu walivyokuwa wanatolewa maofisini. Kila Jumatatu tulihesabiana kwa macho. Nilikuwa mtaalamu wa mifugo, mwanamke pekee kwenye kitengo chetu, na nilijua vizuri kwamba panga likishuka halitaanzia kwa wanaume.

Utafiti wenyewe niliufanya wakati dhiki bado imekaza. Majosho ya kuogeshea ng'ombe yalikuwa yamekufa kwa kukosa dawa, yamebaki mashimo ya vyura. Kupe walijaa, na ndigana kali, homa wanayoileta, ikawa inamaliza ng'ombe. Nilizunguka kaya thelathini, kuanzia vijiji vya Butiama, kwetu nilikozaliwa, mpaka Nyamuswa kwa mjomba wangu. Maswali yangu yalikuwa mawili tu ya maana: mvua zilipoanza ulikuwa na ng'ombe wangapi, na wangapi wamekufa. Nilipomaliza niliandika ripoti fupi ya Kiswahili kwa ajili ya mkoa. Ripoti ilisema hasara ipo lakini si ya kutisha, na bosi alinisifu kikaoni kwamba nimewatoa watu wasiwasi. Mapipa machache ya dawa yalipopatikana yakapelekwa upande mwingine, kulikoonekana kuna shida zaidi. Hayo yalipita. Mimi nikawa nahangaika na makala.

Kiingereza changu kilikuwa cha sekondari ya wakati ule: vitabu vitatu darasa zima, na mwalimu mwenyewe anatazama dirishani kutafuta neno. Chuoni tulinakili ubaoni. Niliweza kusoma kitabu cha magonjwa ya mifugo nikakielewa chote, ila ukinipa karatasi tupu niandike, vidole vinakufa ganzi. Nilikuwa nimeandika kurasa kumi na tisa. Nilizipenda, Mungu anisamehe. Nilidhani zina heshima.

Mume wangu, mwalimu wa shule ya msingi, ndiye aliyemkumbuka mkalimani. Alikuwa mzee aliyestaafu mahakamani, akikaa Buhare, pembeni mwa mji, na kanisani alikuwa anakaa benchi la mbele akisahihisha Kiingereza cha padri kwa midomo bila sauti. Tangu enzi za mkoloni alikuwa amesimama kati ya hakimu na shahidi, akigeuza maneno ya watu wa Mara kuwa Kiingereza. "Huyo ndiye atakusaidia," mume wangu akasema, "kama hatakutukana kwanza."

Alinitukana kwanza. Alisoma ukurasa wa kwanza amesimama mlangoni, hajanikaribisha hata ndani.

"Mama, hizi ni salamu."

"Ni utangulizi, mzee."

"Ni salamu! Umemsalimia mkuu wa mkoa, umesalimia ziwa, umeshukuru madereva. Ng'ombe yuko wapi?"

Nilimwambia ng'ombe yuko ukurasa wa saba. Alicheka mpaka akakohoa, ndipo akanikaribisha. Nilikaa nikiwa nimekasirika, maana kwetu huwezi kuingia kwa mtu ukaanza na kilichokuleta kana kwamba umekuja kukamata mtu. Unauliza mvua, unauliza watoto, unauliza waliokufa wamezikwaje, halafu maneno yenyewe yanafika yakiwa yamelainika. Niliandika hivyo kwa sababu nililelewa hivyo. Yeye alijua, alikuwa wa kwetu kabisa. Lakini alisema hakimu hana muda wa mvua. Hakimu anataka kujua kwanza mtu ameshtakiwa nini.

Malipo yake yalikuwa betri za redio, jozi moja kwa wiki, apate kusikiliza habari za Kiingereza. Nilikwenda kila Jumanne na Ijumaa baada ya kazi, jua likiwa bado kali. Alikuwa na namna yake ya kufundisha ambayo sijaiona kwa mwalimu mwingine yeyote. Alinisimamisha kando ya kabati la vyombo, akaliita kizimba. Kila sentensi niliyotaka kuandika, kwanza niitamke kwa lugha yetu ya nyumbani, kwa sauti. Yeye anauliza maswali. Tukikubaliana, ninaisema kwa Kiingereza, fupi, anaiandika. Nikileta neno kubwa nililolitoa kwenye kamusi, anaweka kalamu chini.

"Hilo unalijua au umelisikia?"

"Nimelisoma."

"Basi liache huko huko ulikolisoma."

Nisije nikamfanya malaika. Naye alikuwa na makosa yake, na mengine yalinichekesha hata katika hofu yangu. Kiingereza chake kilikuwa cha mahakama tupu. Ndama wangu alimwita ndama aliyetajwa hapo juu, na kupe wakawa watuhumiwa. Nilipomletea nakala ya zamani ya jarida lenyewe aone wenzetu wanavyoandika, aliisoma wiki nzima kwa wivu, kisha akakiri kwamba wale watu wanaandika vizuri ingawa hawana adabu. Tangu hapo tukawa tunafundishana. Mimi nilileta namna ya kisayansi, yeye alileta ukali wake.

Na Kiingereza changu kilikua. Nilikihisi kinakua, kama vile mtu anavyohisi mguu uliovunjika unaanza kukanyaga. Kurasa kumi na tisa zikawa kumi na moja. Nikaweza kusema jambo moja kwa sentensi moja na kuiacha. Ofisini niliandika barua ya kuomba matairi bila kumpa mtu asahihishe, na bosi akaniuliza nani kaniandikia. Lakini wasiwasi haukupungua, uliongezeka. Wiki zilikuwa zinakwisha. Nilikuwa nakula nusu sahani, nimeanza kuwafokea watoto kwa vitu visivyo na maana. Kila nikipita kwa mhasibu nilimtazama mkononi kama ameshika bahasha za kahawia, zile za kuachishwa kazi.

Tulifika kwenye jedwali ikiwa imebaki wiki tano. Nilitegemea hapo tutapita haraka, maana jedwali ni namba, namba hazina Kiingereza. Mzee akavaa miwani akaanza kusoma mstari kwa mstari, kaya moja baada ya nyingine, huku anatikisa kichwa taratibu. Akafika kaya ya mjomba wangu.

"Huyu wa Nyamuswa. Ng'ombe ishirini na wawili. Waliokufa sita. Alikwambia mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Alitamka kwa mdomo wake, ishirini na wawili?"

Nilikuwa nimesimama kizimbani, kando ya vikombe.

"Alisema kumi na mmoja," nikajibu.

"Na hii ishirini na mbili nani alisema?"

Nikaanza kumweleza, tena kwa kujiamini, maana nilidhani yeye kati ya watu wote ataelewa. Kwetu ng'ombe hawahesabiwi mbele za watu. Mwenye boma lililojaa atakwambia anavyo viwili vitatu vya kupatia maziwa. Ukimtajia mtu idadi umeiita mikosi, umeita jicho, umeita na serikali. Nikiwa mdogo bwana mifugo alikuja nyumbani akaniuliza mimi, mtoto, ng'ombe wenu wangapi, nikahesabu kwa furaha mpaka thelathini na nane. Baba alimsindikiza mgeni kwa tabasamu, akarudi akanichapa, na ndama aliyekufa wiki ile nikaambiwa nimemuua mimi kwa ulimi wangu. Sasa mimi na shahada yangu niende kuandika kumi na mmoja kwa sababu mzee amesema kumi na mmoja? Mtafiti wa kutoka nje ndiye angeandika hivyo, akadanganywa. Mimi mtoto wa nyumbani nilijua pa kusahihisha. Idadi ya ng'ombe wa mwanzo waliyoniambia niliizidisha mara mbili. Waliokufa niliwaacha walivyo, kwa kuwa vifo watu hawavifichi.

"Zote thelathini?"

"Karibu zote, mzee. Hata wewe unajua. Hawasemagi ukweli."

Alivua miwani. Sikuwahi kumwona bila miwani. Macho yake yalikuwa madogo na yamechoka.

"Hawasemagi, ni kweli," akasema. "Na mimi nilikuwaga najua. Nikamsaidia shahidi, nikamwongezea kidogo kwenye tafsiri, kwa sababu namjua, ni mtu wa kwetu. Kuna mtu alifungwa kwa msaada wangu." Akafuta miwani. "Sitaki kukuhadithia. Ninachokwambia, hapa umeandika kwamba wenye mifugo walisema. Hawakusema. Umesema wewe, ukavaa midomo yao."

Nilimwambia hakuna mhariri atakayejua. Hilo nililisema kweli, na hata sasa linaniunguza. Alinijibu kwamba huo ndio ubaya wa Kiingereza kizuri. Kile cha kwanza hakuna aliyekielewa, kwa hiyo hakikumdhuru mtu. Hiki cha sasa kitaaminiwa. Kisha akakunja karatasi zangu, akanirudishia pamoja na jozi ya betri niliyomletea siku hiyo, akasema hatasahihisha neno lingine mpaka nimletee alichosema shahidi.

Niliondoka Buhare nimefura. Njia nzima nilikuwa nabishana naye peke yangu, watu wananitazama. Mstaafu anayeishi kwa kusikiliza redio anajua nini kuhusu takwimu? Nikaamua nimalize mwenyewe, na jambo la kutisha ni kwamba niliweza. Nilikaa kwenye mashine ya kuchapa ya ofisi, nikaweka kaboni, nikachapa kurasa kumi na moja safi zisizo na aibu yoyote. Bosi alizisoma akasema, "Sasa hii ni kitu." Kilichobaki ni kutia bahasha.

Bahasha ilikaa mezani siku nne. Nilikuwa nimefundishwa nikafundishika. Kila nilipopita macho kwenye makala yangu nilisikia ile sauti inauliza, alikwambia mwenyewe? Siku ya tano niliomba ruhusa, nikasema mjomba anaumwa. Ukweli ni kwamba nilikwenda Nyamuswa kutafuta ng'ombe ishirini na wawili. Nilitaka niwaone kwa macho, nirudi Buhare, nimbwagie yule mzee namba yake mezani.

Nilipanda gari mpaka Kiabakari, nikabadilisha, nikamaliza kwenye lori la mahindi. Nilifika jioni, ng'ombe wanarudi. Siku za utafiti nilikuwa nafika saa tano, saa sita, wako malishoni, na hata kama wangekuwepo, mwanamke kusimama mlangoni mwa boma la mjomba wake akihesabu kingekuwa kichekesho cha kijiji. Safari hii nilijifanya nasaidia kufunga mlango. Waliingia watatu. Nikasubiri. Mjomba akavuta magogo akafunga.

"Wengine wako wapi, mjomba?"

"Wengine wapi, mwanangu?"

Asubuhi tulikaa nje na uji. Nilikuwa na daftari mfukoni lakini niliona haya kulitoa. Nilijua siwezi kumuuliza idadi kwa mara ya pili. Ningekuwa namwambia usoni kwamba ya kwanza ilikuwa uongo. Basi nikamuuliza juu ya ng'ombe mmoja niliyemjua vizuri, wa ukoo wa ng'ombe wa mahari ya mama yangu, mwenye baka jeupe shingoni. Yuko wapi?

Akaniambia alivyokufa. Alivimba chini ya masikio, akakataa majani, akapumua kwa shida siku mbili. Akaendelea na binti yake yule ng'ombe. Akaendelea na dume la rangi ya majivu. Nikagundua kitu ambacho nilipaswa kukijua tangu mwanzo: kuhesabu ni mwiko, kutaja majina si mwiko. Mzee anaweza kukaa asubuhi nzima akakutajia ng'ombe wake mmoja mmoja kwa jina, rangi na mama yake, na wala hajahesabu. Mimi nilikuwa nakunja vidole chini ya khanga. Aliwataja wote waliokuwepo mvua zilipoanza mwaka ule. Sita wa ndigana. Wawili waliokufa baadaye, baada ya utafiti wangu. Watatu walio bomani.

Kumi na mmoja.

Nilikunjua vidole nikakunja tena. Nikamuuliza kwa ujanja kama hakuna niliyemsahau, kama hakuna aliyewekwa kwa rafiki amtunzie, kama watu wanavyofanya. Akasema aliyekuwa amewekwa ndiye yule dume wa majivu, ameshamtaja. Alinitazama mikono yangu ilivyokuwa inacheza ndani ya nguo. Nadhani alielewa ninachofanya, maana alichukua kikombe changu, akaenda kukiosha mwenyewe, kazi ambayo sikuwahi kumwona akiifanya.

Sita katika kumi na mmoja ni zaidi ya nusu ya boma. Mimi nilikuwa nimeandika sita katika ishirini na wawili, robo na kidogo, nikasema si ya kutisha. Niliona aibu.

Nilikuwa nimebakiza wiki nne. Nilipita upya kaya zote thelathini, kwa miguu, kwa baiskeli za kuazima, Jumamosi na Jumapili na siku za kazi nilizoziiba. Sikuuliza idadi. Niliuliza majina. Wapo walionificha mara ya kwanza, tena si wachache, nane au tisa. Mzee mmoja wa karibu na kwetu Butiama alitaja majina mpaka vidole na kumbukumbu vikaniishia. Lakini wengi walikuwa wameniambia kweli. Dhiki ilikuwa imewafikisha mahali ambapo hapakuwa na cha kuficha, na mimi, niliyekua nikiona maboma yaliyojaa, sikuweza kuamini kwamba mtu akisema vichache anamaanisha vichache.

Mkalimani hakushangilia. Alisoma hesabu mpya, akapokea betri zake, akaniambia nisimame kizimbani. Tuliandika upya kwa wiki moja na siku mbili. Sentensi iliyotuchukua muda mrefu kuliko zote ilikuwa moja tu, nayo ilikaa ukurasa wa kwanza, kabla ya kitu kingine chochote. Ilisema kwamba hesabu zilizotolewa awali katika ripoti ya mkoa zilibadilishwa na mwandishi, ambaye hakuwaamini watu aliowauliza, na kwamba hasara halisi ni karibu mara mbili. Nilijaribu kuilainisha. Nilitaka kusema kulikuwa na tofauti za makadirio. Mzee akaniuliza nani alikadiria.

Bosi aliisoma mbele yangu. Akafika kwenye sentensi ile akarudi nyuma, akaisoma tena.

"Hii ripoti ya mkoa imesainiwa na mimi."

"Najua, bosi."

"Ile nyingine ilikuwa na shida gani? Si ilikuwa Kiingereza kizuri tu?"

Nilimwambia haikuwa kweli. Akasema hakuniuliza kama ni kweli. Alizungumza polepole, bila hasira, na hilo ndilo lilinitisha. Nikituma ile ya kwanza, kesho jina langu linakaa kwa wanaobaki. Nikituma hii, yeye atasimama kikaoni anitetee kwa jambo gani? Kwamba nilidanganya mkoa, au kwamba nilimfanya yeye adanganye? Nina watoto watatu, akanikumbusha, kana kwamba nilikuwa nimewasahau.

Siku mbili nilizunguka na bahasha mbili kwenye mkoba. Sitaki nijipambe kwamba nilikuwa jasiri. Nilifika posta ya Musoma mara mbili nikarudi. Mara ya tatu nilitoa ile ya ukweli kwa sababu mtu wa dirishani alikuwa anafunga na nyuma yangu walikuwepo watu wanasukuma, na mkono ulipoingia mkobani ulikwenda wenyewe. Nilipomweleza mume wangu alisema tutalima.

Bahasha ya kahawia ililitangulia jibu la mhariri. Nilisaini kwa mhasibu, nikakabidhi funguo za kabati, nikafunga vitabu vyangu kwenye khanga. Jibu lilikuja miezi mitatu baadaye. Wameikubali makala. Mmoja wa wasomaji wawili aliandika kwamba njia ya kuuliza majina ni nzuri na angependa kuijaribu kwake, na kwamba Kiingereza ni safi. Niliibeba barua Buhare. Mkalimani aliisoma neno kwa neno, akatia alama ya kalamu palipokosewa kituo, akanirudishia.

Jarida lenyewe lilipofika nilikuwa Bunda. Ruksa iliyonitoa ofisini ndiyo iliyonipa kazi: mtu alifungua duka la dawa za mifugo, akahitaji mtu anayejua kusoma maandishi ya chupa. Dawa ya kupe niliyoililia miaka yote ile sasa ilikuwa imepangwa rafuni nyuma yangu, chupa ndogo za kila kampuni, kwa mwenye kununua. Nilichukua jarida, nikachukua na chupa moja ya dawa, nikapanda gari la Nyamuswa.

Mjomba alitaka nimsomee. Nilimgeuzia kwa lugha yetu, nikiwa nimekaa kigodani, na nilipofika kwenye sentensi ile nilitaka kuiruka. Sikuiruka. Nilisema: aliyeandika hakuwaamini watu aliowauliza.

Kisha akasema, taratibu, bila kunitazama:

"Mimi sijawahi kumtajia mtu hesabu ya ng'ombe wangu. Hata baba yako. Hata mke wangu hakuwaga anaijua. Siku ile ulipokuja na daftari nikasema, huyu ni mtoto wetu, anaipeleka serikalini tuletewe dawa, ngoja nivunje mwiko. Usiku nikaogopa. Lakini nilikutajia."

Nilimwomba msamaha. Maneno yalitoka vibaya, nikalia, naye akanishika bega kama anavyomshika mfiwa. Nikakumbuka chupa. Niliitoa kwenye mkoba nikampa kwa mikono miwili, nikaanza kumweleza vipimo, kifuniko kimoja kwa ndoo ya maji, apake masikioni na chini ya mkia, kila wiki. Aliipokea, akaigeuza kwenye mwanga, akaitikisa kidogo. Boma lilikuwa nyuma yake, limeota majani, na ndipo nilipoona kwamba magogo ya mlango hayapo, ameshayachoma kuni.

"Ni nzuri hii," akasema, akanirudishia. "Mpelekee mwenye ng'ombe, mwanangu."